Nilichaguliwa chuo cha uuguzi mwaka ambao mwanangu alifeli Form Four, watu wakasema nimemchukulia nyota

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Humu jukwaani mimi ni msomaji wa miaka mingi. Kuandika ndiyo sijazoea, huwa nasoma nyuzi za watu nikicheka peke yangu jikoni. Leo nimejikaza.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Moshi, hakuna niliyesimuliwa. Kama kuna sehemu nitaonekana nimejipendelea mnisamehe, maana mtu akisimulia aibu yake mkono huwa unavutia upande wake.

Nianze.

Nina mtoto mmoja, binti, anaitwa Glory. Nilifanya mtihani wa Form Four nikiwa na mimba yake. Nilijifunga kanga kwa ndani chini ya sketi ya shule, nikawa naandika huku natamani kutapika. Nikapata zero. Ile zero kamili, siyo ya kubahatisha.

Baba yake alienda Arusha kutafuta maisha, akayapata, na mke akampata huko huko.

Mama yangu anakaa Uru, kule juu. Alinipokea, akanilelea mtoto. Glory alipoanza darasa la kwanza nikashuka naye mjini, nikapanga chumba Shirimatunda, nikaanza kupika.

Kibanda changu kilikuwa maeneo ya Mawenzi, si mbali na hospitali. Napika chapati, uji na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kwa sisi wa huku mnajua, mwanamke akijifungua bila mtori watu wanaona kama hajajifungua vizuri. Kwa hiyo wateja wangu wengi walikuwa ndugu wa waliojifungua. Wengine wako kazini hawawezi kuja, wananiagiza, mimi mwenyewe naingia na hotpoti wodini muda wa kuona wagonjwa.

Siku moja nikakuta mwanamke amefanyiwa upasuaji wa uzazi, hana ndugu hata mmoja pale, mkono una dripu. Aliyeniagiza ni mumewe, alikuwa safarini. Nikakaa nikamlisha kijiko kwa kijiko. Alipomaliza nikamfuta mdomo, nikamwekea mto vizuri, nikaondoka.

Kumbe kuna nesi alikuwa ananiangalia. Sista Mwanaidi, mtu wa pale pale mjini, mteja wangu wa chapati kila asubuhi.

Kesho yake amekaa kibandani ananiuliza, "Mama Glory, wewe ulisomea wapi?"

Nikacheka. "Sista, mimi nimesomea jikoni."

"Sitanii. Nimekuona jana. Kwa nini usisomee uuguzi?"

Nikamwambia nina zero. Akaniambia zero si ugonjwa, risiti, yaani rudia mtihani. Akanielekeza kwamba chuo kinataka ufaulu wa kawaida tu, cha muhimu Biology, Chemistry na Physics visiwe F. Alivyokuwa anaongea ungedhani ananituma sokoni.

Wakuu, mimi nilikuwa najua risiti ni mambo ya watoto. Mwanamke mzima nikae darasani na nani?

Lakini lile neno lilikaa. Nikawa nikiingia wodini na hotpoti naangalia manesi wanavyotembea, najiona na mimi nimevaa sare.

Nikajiandikisha tuisheni.

Siku ya kwanza naingia darasani, watoto wote wakasimama. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Kimya kilichofuata pale, aisee, sitakisahau. Halafu kicheko.

Ticha mwenyewe alikuwa kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliniita mama, na kila akiniuliza swali aliinamisha macho kama anayeniomba radhi.

Biology nilikwenda nayo vizuri. Chemistry ndiyo ilinivua nguo. Siku ya mada ya mole nilinyoosha mkono nikauliza, "Ticha, hii mole ni kitu gani hasa, mtu anaweza kuishika?" Darasa likaanguka. Nikauliza tena kwa njia nyingine, maana sikuelewa kweli. Kuanzia hapo nikawa Mama Mole.

Nyumbani nilikuwa sijasema. Glory naye alikuwa Form Four mwaka ule ule, shule ya kutwa pale mjini. Nilimwambia naenda kwaya. Niliona haya kumwambia mtoto kwamba mimi na yeye tunajiandaa kwa mtihani mmoja.

Sasa nilichosahau ni kwamba watoto wa tuisheni wanatoka shule zote, ya Glory ikiwemo.

Jioni moja karudi, kaweka begi chini, kasimama mlangoni. Mimi namenya ndizi, mikono imejaa utomvu.

"Mama, Mama Mole ni wewe?"

"Nani amekwambia?"

"Shuleni wote wanajua. Mimi nimekuwa nacheka nao. Leo mmoja akasema ni yule mama anauza mtori Mawenzi."

Nikaendelea kumenya. Nakumbuka nilimenya ndizi nyingi kuliko nilizohitaji.

Hakunisemesha siku kadhaa. Nikafikiria kuacha. Lakini Jumamosi moja mchana nimekaa na daftari langu kitandani nahangaika na swali, akaja akalivuta. "Hapa umekosea valency." Akarekebisha. Akageuza ukurasa. "Na hapa."

Ndivyo tulivyoanza kusoma pamoja. Alikuwa ananifundisha bila kuniangalia usoni, na alikuwa mkali, hanibembelezi. Ukikosea anakwambia rudia. Miezi ile naipenda mpaka leo. Chumba kimoja, meza moja, sufuria iko jikoni, mama na mwana tunabishana kuhusu figo.

Mtihani ukakaribia. Mimi nilijiandikisha kituo cha mbali makusudi, nisimwaibishe. Basi kile kituo hakikufikisha idadi ya watahiniwa, tukahamishiwa kingine. Kwenda kuangalia, ni shule ya Glory.

Nilipomwambia akasema polepole, "Mama, tukikutana pale usiniite."

Nikasema sawa.

Nilitimiza. Asubuhi tulitoka nyumba moja, yeye akatangulia, mimi nikasubiri apotee kwenye kona ndipo nikatoka. Siku ya Physics kalamu yangu ilikuwa inavuja, akanipa moja ya kwake kabla hajaondoka. Pale shuleni tulipishana uwanjani kama watu wasiojuana. Wenzake walinisalimia shikamoo. Yeye aliangalia viatu vyake.

Wakuu, sikumlaumu. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Matokeo yalitoka mchana niko kibandani. Nikaosha mikono, nikashika simu. Nilianza na namba ya Glory, mzazi ni mzazi.

Matokeo yake hayakuwa mazuri. Form Five hapakuwa na njia. Yatoshe hayo.

Ndipo nikatafuta ya kwangu. Biology C. Chemistry D. Physics D. Kiswahili B.

Furaha yangu haikudumu hata muda wa kumenya ndizi moja. Nilifunga kibanda nikarudi nyumbani. Glory alikuwa ameshaona yote mawili. Alisimama akaniambia, "Hongera mama," akachukua vyombo akaenda kuosha nje. Angenitukana ningepumua.

Hapo sasa ndipo maneno yalipoanza.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye nyumba. "Mama Glory, mimi sisemi, ila watu wanasema." Nikamuuliza wanasema nini. "Wanasema umemchukulia mtoto nyota."

Nikaona ni upuuzi. Lakini kwenye jumuiya ya kanisani nikawa nikiingia watu wanabadilisha mazungumzo. Wifi yangu anauza ndizi soko la Kwa Sadala, ndiye alikuwa ananiwekea ndizi mshale za mtori. Nilipokwenda akaniuliza bila aibu, "Hivi mlikuwa mnaogea beseni moja?" Mwingine alishajua habari ya kalamu, sijui aliijulia wapi. Ikawa kalamu ndiyo ushahidi.

Mama yangu akashuka kutoka Uru kumchukua Glory. Alisema mtoto akapumzike. Mama yangu ni mtu wa sala, hakusema neno la nyota hata mara moja. Ila wakati wa kuondoka alimwekea Glory rozari shingoni, akaniangalia, akaangalia pembeni. Nikaelewa kwamba na yeye hana uhakika.

Mnajua kitu kibaya ni nini? Na mimi nilianza kujiuliza. Nalala nawaza, chumba kimoja, kitanda kimoja, kalamu moja, yeye ndiye alikuwa ananipa kila alichonacho kichwani. Mtu mwenye akili timamu, nimetoka kusoma Biology mpaka nikapata C, halafu nimekaa najiuliza kama kweli nyota ya mtu inaweza kuhama.

Wakati huo Sista Mwanaidi alikuwa ameshanisaidia kuomba vyuo kupitia simu yake. Ujumbe ukaja. Nimechaguliwa diploma ya uuguzi na ukunga, chuo kimoja huku huku kwetu Kilimanjaro. Habari ya ada naiacha, kila mtu hapa anajua ada ilivyo.

Sikumwambia mtu. Niligeuza simu kifudifudi kama picha chafu.

Siku za kuripoti zikawa zinakaribia. Sista akaja kunywa chai akaniuliza nimeshanunua sare. Nikamwambia, "Sista, hiyo nafasi naiacha. Siwezi kwenda kuvaa sare nyeupe wakati mwanangu yuko Uru anakata majani ya ng'ombe."

Alimaliza kutafuna kwanza. "Ukiiacha, Glory atafaulu?"

"Hapana."

"Sasa hapo unamsaidia nani?"

Nikageuza chapati iliyokuwa jikoni.

"Mama Glory, kama unaona aibu sema unaona aibu. Usimsingizie mtoto."

Nilimkasirikia siku nzima. Siku ya pili nikapanda Uru.

Mvua ilikuwa imenyesha, ile njia ya kwenda kwetu kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ilikuwa utelezi mtupu, nimefika nimechafuka mpaka magotini. Glory alikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, anakatakata mgomba kwa panga. Alinisalimia bila kuacha kazi.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Nimechaguliwa chuo. Nimeamua siendi."

"Kwa nini?"

"Watu wanasema nimekuchukulia nyota. Siwezi kuishi na hayo maneno."

Panga likasimama.

"Mama, aliyesema ni mimi."

Nikamuuliza kasema nini.

"Ya nyota. Nilianza mimi. Siku ya matokeo wenzangu waliweka matokeo yako na yangu kwenye group la WhatsApp, pamoja. Wakaandika Mama Mole kampita mwanae. Wakacheka sana. Nikaandika kama utani, kanichukulia nyota huyo, mpaka kalamu yangu alitumia. Wakaacha kunicheka mimi, wakaanza kukusema wewe. Nilitaka waniache tu. Sikujua itafika Shirimatunda. Bibi aliponiuliza nikashindwa kukataa."

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye jiwe. Nilijua natakiwa kukasirika, nikawa naisubiri hasira ije. Haikuja. Nikauliza, "Na wewe unaamini?"

"Siamini." Akapangusa panga kwenye majani. "Lakini mama, si na wewe huwa unasema hivyo hivyo?"

"Nasema nini?"

"Mtu akikuuliza kwa nini hukusoma, unasema nilibeba mimba. Unawaambia wateja, unawaambia watu kanisani, na mimi niko hapo hapo naosha vikombe. Mimba si ni mimi?"

Wakuu, nimeshaona aibu za aina nyingi. Aibu ya tumbo chini ya sketi. Aibu ya kuitikia marahaba halafu ukakae benchi la nyuma. Ile ya siku ile sina la kuilinganisha nayo.

Maana ni kweli. Nilikuwa nasema. Nasema huku nacheka, naona ni maelezo tu ya maisha yangu, toka huyu mtoto hajajua kufunga viatu. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba anayesimama pale na kitambaa cha vyombo ndiye ninayemtaja.

Nilitaka kumwomba msamaha nikashindwa. Nilichoweza kusema ni ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. "Mwanangu, mimi nilifeli kwa sababu nilikuwa nafeli. Hata Form Two, hata Form Three, kabla ya wewe, Chemistry nilikuwa napata sifuri."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Muulize bibi yako."

Akaniangalia. "Hata mole?"

"Mole ndiyo usiseme."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikuwa sijakisikia toka matokeo. Halafu akaanza kulia na mimi nikaanza kulia, panga liko katikati yetu, ng'ombe analalamika chakula chake.

Alipotulia akasema, "Nenda chuo, mama. Usipoenda, safari hii nitakuwa nimekuzuia kweli."

Mama yangu akatokeza mlango wa jikoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisema tu, "Ndizi na nyama zinapoa. Njooni mle, mtalia baadaye." Tulipokuwa tunakula Glory akamwambia bibi yake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba yale ya nyota aliyatunga. Mama alishika kijiko muda mrefu. Halafu akanisogezea bakuli lenye nyama nyingi. Kwa mama yangu hiyo ndiyo samahani, sikutegemea zaidi.

Siku ya kuripoti Glory alinisindikiza. Yeye kabeba godoro, mimi ndoo na begi. Kwenye foleni ya usajili tulikuwa na wasichana wa umri wake na wazazi wao. Tulipofika mezani yule karani akamwambia Glory, "Binti, vyeti vyako. Mama unaweza kukaa pale kwenye kivuli."

Nilitamani kwenda kukaa kwenye kivuli kweli.

Glory akasema, kwa sauti ya kawaida lakini watu wa nyuma walisikia, "Mwanafunzi ni yeye. Ni mama yangu." Akanichukulia ndoo mkononi ili niweze kutoa vyeti.

Uso ulikuwa unaniwaka moto. Sikuinua kichwa mpaka nimemaliza kusaini.

Sasa hivi niko mwaka wa pili. Wanafunzi wenzangu wananiita bi mkubwa. Nimeshapata sup ya somo la dawa, nikairudia, nikapita. Wodini wagonjwa wengi wanadhani mimi ni mkuu wa manesi, mpaka waone mwalimu ananifokea. Siku ya kwanza nilipewa kumsafisha bibi mmoja aliyepooza. Yule bibi aligeukia ukutani kwa haya. Nilijua vizuri anachojisikia, nikawa namwongelesha habari za kahawa mpaka nikamaliza.

Glory hakutaka kurisiti. Anasoma ufundi umeme chuo kimoja mjini, na ndiye aliyenibadilishia swichi ya chumba ilipoungua. Nimeacha kumuuliza habari za Form Five. Bado kuna siku ananyamaza na mimi sijui ni uchovu au ni yale. Sijidanganyi kwamba yameisha yote. Na kuna jirani mpaka leo mwanae akikaribia mlango wangu na daftari anamwita arudi nyumbani.

Nilichojifunza ni hiki. Aibu ya kukaa darasani na watoto inaisha, hata wao wanachoka kucheka. Lakini angalieni sana mnavyojieleza mbele ya watoto wenu kwa nini maisha yenu hayakwenda. Mtu wa kulaumiwa akikosekana hapo, mtoto anajihesabu yeye. Mimi nilimbebesha wangu bila kujua, na yeye alipozidiwa akanirudishia mbele ya mji mzima.

Sasa naomba kusikia kwenu. Walioingia vyuo vya afya wakiwa watu wazima, mlivukaje mwaka wa kwanza? Na kuna mzazi mwingine humu aliyewahi kumpita mwanae kwenye jambo, akakosa pa kuificha sura? Hata kama ni kunisema nisemeni, ila kwa adabu, maana Glory naye ni mwanachama humu, kwa jina ambalo hajakubali kuniambia.

Huu uzi nilimpa ausome kabla sijaupandisha. Alifuta alama zake, zile za mtihani. Nikamuuliza na sehemu ya nyota je, niitoe?

Akasema hiyo iache.